Penseli Tu

Bi Pettifer ananikabidhi ufunguo mzito kama nyundo.
Kalamu ya wino marufuku, anasema, chai marufuku,
na mlango usukume kwa bega, mvua imeuvimbisha.
Mbwa wake ananusa viatu vyangu, ananisamehe, analala.

Kasha la chuma. Kufuli tatu, mbili zimekufa.
Ndani, Parokia ya Marlingfold imekunjwa kama shuka:
waliobatizwa, waliooana, waliozikwa,
na panya mmoja mkavu kati ya 1760 na 1771.

Nimekuja kumtafuta Thirkettle.
Baba alituambia tulikuwa na kinu,
kinu cha upepo juu ya kilima, na farasi wawili weupe.
Kila Krismasi, garini, alinyoosha kidole dirishani
kwenye kilima kisicho na kitu.
Nilikuwa nakiona kinu hicho. Naapa nilikiona kikizunguka.

Mwandiko wa kasisi umelala kama ngano iliyopigwa na mvua.
Alikuwa na haraka, au vidole vilimganda.
Naufuata kwa kidole hewani, bila kugusa,
Februari baada ya Februari
(vichanga wa hapa walipenda kufa Februari)
hadi 1794, mstari wa mwisho,
umebanwa pale chini kama mgeni aliyekosa kiti:
Kezia, binti wa Hana Thirkettle.
Mahali pa jina la baba pana kistari.

Kumbe ukoo wetu umeanzia kwenye kistari.

Daftari la pili ni la waangalizi wa maskini,
wanaume waliohesabu mikate ya wenzao.
Viatu vya mtoto wa Thirkettle, shilingi mbili.
Kuni, wakati wa theluji, peni nane.
Hana Thirkettle aomba unga tena. Amekataliwa.
Jeneza la Hana Thirkettle, shilingi saba.
Kati ya unga na jeneza, wiki tatu.
Nilizihesabu mara mbili, kwa penseli.

Na chini ya lile neno "amekataliwa", sahihi,
yenye mkia mrefu wa mtu anayelipenda jina lake:
Josiah Cattermole, mkulima.

Mama yangu alizaliwa Cattermole.
Saa ya Josiah iko sebuleni kwangu.
Naitia ufunguo kila Jumapili,
nimewaonyesha wageni milango yake ya kioo,
nimesema, hii ni ya kwetu.

Nikakaa, sijui kwa muda gani.
Aliyeomba na aliyenyima
wote wanashika penseli hii moja.
Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Hakuna aliyesema ni nzito kuliko unga.

Nje, akina Cattermole wamelala upande wa jua,
mawe yao wima, majina yanasomeka ukiwa barabarani.
Upande wa kaskazini ni upupu na nyasi za kiunoni,
na Bi Pettifer, mikono mfukoni, ananiambia
huko hawafyeki hadi Julai, kuna vipepeo.

Nikamwuliza: kilima kile, kulikuwa na kinu?
Akacheka. Kinu? Hapakuwa na hata jiwe la kusagia.
Shamba lenyewe ndilo liliitwa Kinu cha Njaa,
mzaha wa vibarua wa zamani:
ulilima mwaka mzima, ukavuna upepo.

Basi baba hakudanganya.
Jina lilishuka kutoka mdomo hadi mdomo, miaka mia mbili,
likiangusha njaa njiani,
likiokota farasi wawili weupe.

Kabla sijarudisha ufunguo kuna kitabu cha wageni,
safu ya jina, safu ya utokako.
Mbele yangu, familia ya watu wanne kutoka Kanada
imeandika kwamba maua yalipendeza.
Nikaandika: Thirkettle.
Kwenye safu ya pili penseli ikasita,
kisha ikachora kistari.